Nilienda Ahmedabad Kupiga Picha, Nikapigwa Mimi

Wengi mmeniuliza mbona nimenyamaza tangu nirudi India, na ile video ya simba iko wapi. Simba tuliwaona. Walikuwa watatu, wamelala, mmoja akapiga mwayo, basi. Video ipo na nitaiweka. Lakini leo nataka kuongea kuhusu siku mbili tulizokaa Ahmedabad kabla ya hao simba, kwa sababu kuna kitu kilinishika pale na mpaka sasa hakijaniachilia.

Kwa wale wageni hapa: binamu yangu, mtoto wa shangazi, anasomea ufamasia Vadodara, jimbo la Gujarat. Yuko mwaka wa nne. Tumekulia nyumba moja Kilifi, tukala sahani moja, tukachapwa na fimbo moja. Desemba alikuwa na likizo fupi, na mimi nilikuwa nimelipwa doo za tangazo fulani, nikasema liwe liwalo. Tukakodi gari na dereva kwa siku tano: Vadodara, Ahmedabad, halafu magharibi mpaka msitu wa Gir kwenye simba wa Asia. Ndiyo, najua. Mkenya anapanda ndege kwenda kuangalia simba India. Mama alicheka hadi akakaa chini. Lakini simba wa Asia wa porini hawako pengine popote duniani isipokuwa huko Gujarat, na nilijua hiyo video ingevuma. Nilikuwa nawaza kuvuma tu, sitawadanganya.

Dereva wetu alikuwa mzee wa makamo, mpole, na binamu yangu alikuwa anamuita "kaka". Nikadhani amemfundisha Kiswahili. Kumbe Kigujarati kaka ni ndugu ya baba, ndivyo vijana wanavyomuita mwanaume aliyewazidi umri. Na gari wao wanaita gadi. Kwa hivyo ukisema "kaka, gari" pale, mtu anakuelewa nusu bila wewe kujua unaongea lugha gani. Mimi nikawa namuita kaka kwa maana zote mbili.

Kabla hatujaingia mjini binamu yangu akanipa masharti. Usikubali selfi ya kwanza, kwa sababu ukikubali moja umekubali thelathini. Ukisikia watu wanacheka nyuma yako, usigeuke. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kofia mpaka kwenye nyusi na vipokea sauti masikioni, na nikagundua baadaye kwamba havikuwa vinacheza chochote. Nikamwambia, "We jamaa, umekuwa mzee hivi lini?" Hakunijibu.

Sasa Ahmedabad yenyewe. Acha niseme ukweli, ni mji mtamu. Ulianzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukiingia mji wa kale unakuta mitaa inaitwa pol. Pol moja ina lango lake, na ndani ni vichochoro vyembamba, sehemu zingine ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Nyumba zina nguzo na vizingiti vya mbao vilivyochongwa maua, ndege, sura za watu. Katikati kuna mnara mdogo wa kulishia ndege, wanauita chabutro. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale Mombasa ukimshusha pale usiku amefumba macho, atatafuta njia ya kwenda kwa shangazi yake. Mpaka apite ng'ombe. Ng'ombe wa pale hapishi mtu, unapisha wewe.

Kuna matembezi ya asubuhi ambayo watalii hufanya, yanaanzia hekalu la Swaminarayan mtaa wa Kalupur na kuishia msikiti mkuu, Jama Masjid. Tukayafanya. Huo msikiti ulimalizika mwaka 1424, na ndani ni msitu wa nguzo. Nikatoa simu, nikaanza kupiga.

Ndipo jamaa mmoja wa rika langu akaniomba selfi. Mavazi safi, tabasamu, heshima tele. Nikamcheki binamu yangu, akatikisa kichwa. Nikakubali. Akaja mwingine. Wakaja wasichana wawili na mama yao. Ikaja familia nzima, wakanipakata mtoto, mtoto akalia kwa nguvu zake zote, wakapiga hivyo hivyo. Kijana mwingine akaelekeza kamera ya simu usoni mwangu bila kuniuliza, akasema, "Kem cho?" Yaani, habari yako? Nilikuwa nimejifunza jibu kwa kaka asubuhi ile, nikajibu, "Majama!" Wakalipuka. Wakapiga makofi. Akaniomba nirudie, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu nikiweka na mbwembwe za mikono.

Nitakiri hapa mbele yenu: nilifurahi. Wewe ukiwa mtu wa kontenti na watu mia wanakutazama, moyo unajaa. Nilijiona staa. Kuna mkono ulinigusa nywele kutoka nyuma, nikaupuuza. Kuna mtu alisema neno, "kalu", wenzake wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua maana yake. Niliporudi garini nikaposti kipande kifupi chenye maneno "Rais wa Ahmedabad", na mkakipenda sana, asanteni.

Binamu yangu alikaa kimya njia nzima. Nikamuuliza kalu ni nini. Akasema, "Mweusi. Lakini si mweusi wa kukutajia rangi. Ni mweusi wa kukutusi." Halafu akaniambia kitu ambacho nakikumbuka neno kwa neno: "Wewe una siku mbili hapa. Mimi nina miaka minne."

Akaanza kuongea, na akianza huyu hasimami. Jinsi alivyotafuta chumba cha kupanga mwaka wa pili, nyumba tano kwa siku moja. Kwenye simu kilikuwepo, akifika mlangoni kimeshachukuliwa. Jinsi mtu anavyohama kiti akikaa karibu naye kwenye basi, halafu huyo huyo akishuka anaomba selfi. Akanikumbusha Machi 2024, Ramadhani, wakati kundi la watu lilipovamia hosteli ya chuo hapo Ahmedabad ambapo wanafunzi wa kigeni walikuwa wanaswali tarawehe, Waafrika wakiwemo, wakapigwa, wengine wakapelekwa hospitali. Yeye alikuwa Vadodara, zaidi ya kilomita mia kutoka pale. Hilo halikumzuia shangazi kumpigia simu kila saa mpaka daku, na mimi naikumbuka ile wiki kwa upande wa Kilifi, shangazi ameshika simu kama tasbihi. Nilikuwa nimesahau. Yaani nilikuwa nimesahau kabisa.

Hata hivyo hachukii India, msimuelewe vibaya. Ana marafiki ambao mama zao humpikia. Mwalimu wake mmoja alimlipia ada ya mtihani alipokwama. Alisema shida si kwamba watu ni wabaya. Shida ni kwamba kila siku lazima ujue upya ni yupi utakutana naye, na hiyo kazi inachosha.

Jioni kaka akasimamisha gari karibu na Lal Darwaza, akaonyesha kwa kidole, akasema: "Sidi Saiyyed ni jali."

Nilicheka. Kwa Kiswahili nilisikia mtu anaitwa Sidi analalamika, "nijali". Kwanza kwetu Kilifi Sidi ni jina la msichana, darasa letu la msingi lilikuwa nao watatu. Binamu yangu akanieleza. "Ni" kwa Kigujarati ni kama "ya" yetu. Jali ni dirisha la mawe yaliyochongwa matundu matundu, lile la kupitisha hewa na mwanga. Kwa hivyo: jali ya Sidi Saiyyed. Na Sidi si msichana. Sidi, au Siddi, ndivyo wanavyowaita watu wenye asili ya Afrika walioko India kwa mamia ya miaka.

Ngoja. Wa nini?

Huo msikiti ni mdogo, umezungukwa na magari pande zote, kama uliachwa kwenye mzunguko wa barabara. Ulijengwa na Sidi Saiyyed, Mhabeshi, aliyekuwa mtu wa jemadari Bilal Jhajar Khan, naye pia Mhabeshi, kwenye jeshi la sultani wa mwisho wa Gujarat. Ulikamilika mwaka 1573, wakati ule ule majeshi ya Akbar yalipokuwa yameuteka usultani wote. Ukutani upande wa kibla kuna zile jali. Mbili ndizo zilizobeba sifa. Nilishaziona kwenye picha nikadhani ni mbao. Ni jiwe. Mti umechongwa na matawi yake yamesokotana kama nywele za msichana anayesukwa, na kati ya matawi kuna mitende imesimama wima. Mimi mtu wa pwani, macho yangu yalienda kwenye mitende kwanza. Na ukiangalia dirisha la katikati, pale unapotarajia jali nzuri kuliko zote, hakuna kitu. Jiwe tupu. Wanasema huenda vita viliwakuta kabla hawajamaliza.

Adhana ya alasiri ikapigwa, tukatawadha, tukaingia. Jua la saa hizo liko magharibi, na kibla cha India kiko magharibi, kwa hivyo mwanga wote unapita kwenye ule mti na kuwamwagikia wanaoswali. Nilisimama begani na mzee mwenye kikoi, mguu wake umegusa wangu. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, hakuna aliyenitazama. Binamu yangu alikuwa amevua kofia. Nilikuwa sijauona uso wake wote siku nzima.

Sikupiga picha ndani. Sitajisifu, betri pia ilikuwa imebaki kidogo.

Tulipotoka kaka alikuwa anatusubiri ameegemea gari. Akamwambia binamu yangu kitu huku anatabasamu, na binamu yangu akamjibu kwa Kihindi, sentensi moja ndefu, na tabasamu la kaka likapungua polepole. Nikaomba tafsiri. Kaka alikuwa amesema, "Aliyejenga alikuwa mtu wa kwenu." Na binamu yangu amemjibu, "Basi angekuwa hai leo, asingepata chumba cha kupanga."

Kaka hakusema kitu. Alivuka barabara katikati ya mapikipiki, akarudi na vikombe vitatu vya chai, akakataa pesa. Sikujua kama ni kuomba radhi au ni chai tu. Tukanywa.

Kilichonikera ni hiki. Ule mti ndio nembo ya mji. Sio rasmi, lakini uko kila mahali, kwenye mabango, kwenye zawadi za watalii, na hata chuo maarufu cha biashara cha huko, IIM Ahmedabad, nembo yake imetokana na hiyo jali. Kijana anaweza kuwa na ule mti kwenye fulana yake na akanishika nywele kama mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kufika pale. Niliwaka. Nikaanza kuandika kichwani video nzima: "Mwafrika aliwajengea nembo na bado wanatuita kalu." Nilikuwa na maneno, nilikuwa na hasira, nilikuwa na picha ya jua likizama. Ingefika milioni.

Binamu yangu akanishusha. "Mhabeshi si Mgiriama," akasema. "Usijipachike." Ni kweli. Kutoka Ethiopia mpaka Kilifi ni safari, na Sidi Saiyyed alikuwa tajiri aliyekuwa na mabwana na watumishi, si mwanafunzi anayetafuta chumba. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huo, tukiona nguzo ya zamani popote tunasema babu zetu walikuwepo.

Usiku tukaenda Manek Chowk. Huo uwanja una maisha matatu: asubuhi ni mboga, mchana ni soko la dhahabu, na usiku maduka ya dhahabu yakifungwa wanaweka sufuria hapo hapo nje. Hakuna nyama. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika, lakini ile pav bhaji, mkate na mchuzi wa viazi na nyanya uliopondwa na siagi isiyo na huruma, ilinifunga mdomo. Nikawa nakula huku napitia simu yangu kutafuta video nyingine ya kuposti. Na ndio nikaiona.

Video yangu mwenyewe, ya mwaka juzi. Ndiyo iliyonipa wafuasi, wengi wenu mlikuja kwa hiyo. Mnaikumbuka: yule mshikaji wa duka la leso Kilifi. Familia yao ni Wagujarati, babu yake alizaliwa hapo hapo, tulisoma naye, na anaongea Kigiriama kuliko mimi. Nilimuwekea kamera usoni dukani kwao, sikumuuliza. Nikamwambia aseme neno. Akasema. Nikamwambia arudie, akarudia, watu wamejaa mlangoni wanashangilia. Nikaandika juu: "Muhindi anaongea Kigiriama, dunia imeisha." Watazamaji laki mbili.

Nikaiangalia pale Manek Chowk bila sauti. Anarudia mara ya tatu, anaweka mbwembwe za mikono.

Halafu nikateremka kwenye maoni. Mengi ni kicheko. Lakini kuna "rudi kwenu" kama tisa hivi, na moja ina likes nyingi kuliko maoni mengine yote. Na sehemu ambayo sikutaka kuiandika ni hii: nilikuwa nimeziona tangu siku ya kwanza. Niliziacha. Maoni yakiongezeka video inasambaa, hata yawe ni matusi. Hiyo kila mtu wa kazi hii anaijua.

Mwaka 2017 serikali yetu ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Tulitengeneza vichekesho wiki nzima, halafu tukaendelea kuwauliza kwao ni wapi hasa. Mimi pia.

Nilimpa binamu yangu simu aiangalie. Akaiangalia mpaka mwisho, akanirudishia, akachukua kipande cha mwisho cha mkate kwenye sahani yangu. "Yeye alikwambia nini baada ya hapo?" akauliza. Nikakumbuka kwamba sikuwahi kumuuliza. Leso za mama nanunua kwake kila Idi. Sikuwahi.

Nikamtumia ujumbe usiku ule ule. Niliuandika na kuufuta labda mara sita. Mwishowe nikasema tu niko Ahmedabad, nimeiona ile video, nimejiuliza kama ilimkera, na kwamba akitaka naifuta sasa hivi.

Alfajiri tukaondoka kwa barabara ya Sarkhej, ukungu umeshika mashamba. Kaka akasema karibu na Gir kuna kijiji kinaitwa Jambur, ni cha Masiddi. Wanaongea Kigujarati kama yeye, ni Wahindi kama yeye, na wana ngoma yao ambayo wanaiita goma. Goma, wasee. Watalii wakilipa wanachezewa. Akauliza kama tunataka kupita, wageni wake wote wa kutoka Afrika hupenda.

Nilitamani. Nikanyamaza nikamuachia binamu yangu. Alifikiria muda mrefu, kofia iko mapajani. Akasema tutapita tukanywe chai, ngoma tusiagize, na simu zibaki garini. Kaka akageuza kichwa kumwangalia, akasema sawa.

Simu yangu ikalia hapo. Ujumbe wa sauti kutoka Kilifi, sekunde kumi na moja. Anaongea Kigiriama, nyuma yake nasikia mtu anapatana bei ya leso. Anasema nisiifute, imemletea wateja. Anacheka. Halafu anasema wateja wengine bado wakiingia humwambia arudie lile neno ndio wanunue, na hapo kicheko kinakatika kidogo, na ujumbe unaisha.

Nimeusikiliza mara nyingi. Video nimeificha kwa sasa, msiniulize iko wapi. Jumamosi nakwenda dukani kwao, bila kamera.